Bundi wa Pango la Pili

Foleni imeganda. Kibao kinasema dakika tisini.
Dorota Wachowiak, fulana yake ya msimu wa themanini na tatu
imepauka kama jua la Pensilvania mwezi Machi,
anaapa kwamba bundi wa mtambo, yule wa pango la pili,
zamani aligeuza shingo.
"Mkurugenzi huyu katoka kuuza sabuni.
Bundi atamjulia wapi?"

Lyle, nyuma yake, hakubali.
"Na yule mnayemlilia?
Si ndiye aliyefukia bwawa la bata
akajenga duka la kofia?
Mama yangu alilia pale getini. Mmesahau."

Kijana mmoja anauliza: bundi yupi?

Wanagombana kama warithi wa shamba
ambalo hati yake imo kabatini mwa mtu mwingine,
Chicago, ghorofa ya arobaini,
ambako bundi ni mstari kwenye jedwali:
mota moja, grisi,
saa mbili za fundi kila mwezi.

Hatimaye kigari kinawameza.
Pango la kwanza. La pili.
Gizani wananyamaza wote, macho juu,
na kwa vile bundi hageuki,
Dorota, polepole,
anageuza shingo yake.