Mstari wa Kumi na Nne

Kisiwa cha São Jorge, Februari.
Ukungu umeshuka mpaka vizingitini
na Deolinda Bettencourt, mhazini wa ushirika wa jibini,
anachonga penseli ya tatu.

Mstari wa kwanza, chumvi.
Wa tisa, matairi ya lori. Hakuna anayebisha:
tairi likichakaa unaliona,
unaweza hata kulipiga teke.
Wa kumi na nne ameuandika miaka kumi,
na miaka kumi mkutano umeukata:
Matunzo ya programu.

"Si tulishainunua?" husema Amaro Silveira.
"Nilikuwepo. Yuro elfu kumi na nane.
Tulipiga makofi. Tulikula keki."

Ni kweli. Keki ilikuwa ya mdalasini.
Duarte, mtoto wa mwokaji, miaka ishirini na mitatu,
aliiandika chumbani juu ya tanuri la baba yake,
kila kitu kwa kipimo chao, kama suti ya harusi:
mizani ipime maziwa, imjue mkulima kwa jina,
imkate deni la pumba,
imlipe kila tarehe tano.
Haikuwapo ya pili duniani.
Hilo ndilo walilolisifu, na hilo ndilo lililowaponza,
maana suti ya harusi haina spea.

Mkataba uliandika kuzaa kwa herufi kubwa.
Kulea haukukutaja.

Na programu yenyewe haichakai;
dunia ndiyo huchakaa pembeni mwake.
Benki inahamisha mlango. Serikali inageuza risiti.
Kompyuta mpya haisikii lugha ya kompyuta iliyokufa.
Yenyewe imesimama palepale,
kama mtu aliyeambiwa ningoje hapa
na mji ukahama.

Oktoba iliyopita tarehe tano ilipita kavu.
Ya sita. Ya saba.
Familia mia mbili themanini na moja,
na Deolinda na daftari, siku tisa,
vidole vyeusi kwa karatasi ya kaboni,
akikosea hata jina la binamu yake.
Duarte yuko Toronto sasa, ana mapacha na mkopo wa nyumba.
Alijibu usiku wa manane:
Nitajaribu. Ila nimesahau nilikuwa nikifikiri nini.
Saa yake moja, bei ya ndama.
Ankara ilipokuja, ilikuwa ndama thelathini na wawili.

Kwa hiyo usiku huu anapiga hesabu upya.
Wenye kuzijua kazi hizi wamemshauri:
tenga sehemu moja ya tano ya bei, kila mwaka,
hata mwaka ambao hakijaharibika kitu.
Hasa mwaka huo.
Elfu tatu na mia sita. Anaandika. Anafuta.
Anaandika tena, akikandamiza
mpaka karatasi ya chini inapata kovu.

Asubuhi, ukumbi wa zimamoto, viti vya plastiki.
Amaro anainua mkono.
"Na hii, itakwisha lini?"

Jibu analo, amelala nalo:
Na ng'ombe wako, Amaro, wataacha kula lini?
Lakini anakumbuka kwamba katika siku zile tisa
Amaro aliuza wawili.
Analimeza.
"Haitakwisha," anasema.

Mtu anakohoa. Kiti kinalia.
Wanapiga kura, wanampa nusu.
Anaandika elfu moja na mia nane kwa wino,
na pembeni, kwa penseli, ndogo kama chawa,
nusu iliyobaki. Bila maelezo.

Kiwandani, chini ya ngazi, mashine inavuma,
inapokea maziwa aliyoyaleta mke wa Amaro:
lita sitini na nne, Amaro Silvera.
Herufi moja imepungua tangu mwaka wa kwanza.
Hakuna aliyewahi kuitengea bajeti.