Kumbukumbu za Kikao, Wete

Karani hakuja. Mvua, au harusi ya Gando, hatukuambiwa.
Daktari akauliza nani ana mwandiko,
na Mize, dada yangu, aliyenivumilia miaka kumi na moja,
akaninyooshea kidole kabla sijajificha nyuma ya jagi la maji:
"Huyu. Alikuwa akiwaandikia barua mtaa mzima."
Alikuwa.
Neno likaja likakaa nami kwenye benchi.

Nikapewa daftari na kalamu yenye nembo ya dawa.
Mkono ukatetemeka. Nikaandika tarehe,
ikatoka kama njia ya siafu.

Waliohudhuria: muuguzi Bi Rukia; sheha;
Mzee Mbwana wa makombe, karibu na mlango
ili akitukanwa atoke bila kuvunja adabu;
mama watatu, baba mmoja;
na sisi, ambao barua ilituita "wenyewe".
*Waje na wenyewe.*
Neno kubwa hilo. Mwenyewe ni mwenye shamba,
mwenye kuulizwa kabla mti haujakatwa.

Mize hakuomba dawa. Aliomba dirisha.
"Pale mnapiga kelele, *Wa sindano ya akili!*
Uwanja mzima unageuka, hata muuza pweza.
Mnashindwaje kuita Asaa Faki?
Tulimchinjia mbuzi kwa jina hilo."

Bwana mmoja wa Kojani (jina limenipita, aniwie radhi)
akasema wao huvuka maji, hupanda gari mbili,
hufika dawa imekwisha na muuguzi anakula.
Bi Rukia akacheka, kisha akaacha kucheka.

Bi Time alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.
"Mlisema nimfungue mnyororo. Nilimfungua, kwa mkono huu.
Mkapiga picha, mkaondoka.
Usiku wa tatu alipotoka kwenda barabarani,
nilitakiwa nimpigie nani?"

Hapo nikakosa la kuandika.
Nikaacha mistari miwili mitupu;
katibu mwema humwachia nafasi mwenye kujibu.

Mzee Mbwana akasema huanzia kwake, wote, usiku usiku.
"Mkiniambia nisiwazuie sindano, siwazuii.
Lakini niambiwe mapema. Msinikumbuke siku ya lawama tu."
Sheha akatazama saa.

Mimi nilisema jambo dogo.
Kwamba msimu wa karafuu sipandi tena.
Nakaa mkekani na watoto, nachambua,
karafuu huku, vikonyo kule,
nao hunishinda kwa pishi nzima na kunionea huruma.
Kwamba hakuna aliyeniambia kutetemeka huku ni vidonge.
Nilidhani ndiye mimi mpya.

Daktari akanyamaza, akavua miwani.
Akasema samahani, polepole,
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenziwe.

Nikaandika: *Mgonjwa mmoja alisema.*
Nikaitazama sentensi ile.
Nikaikata kwa mstari mmoja mwembamba,
ili atakayesoma aone kilichokatwa,
na juu yake nikaandika: *Asaa Faki, katibu.*

Maazimio: jina liitwe jina.
Vidonge vyangu vipimwe upya.
Dawa ya Kojani itaangaliwa. Neno hili "itaangaliwa"
nalijua tangu skuli; nimeliwekea alama ya kuuliza.
Simu ya usiku, hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana.
Mistari ya Bi Time ingali mitupu.
Kikao kilifungwa kwa dua na maandazi.

Jumatano nilikwenda, nikasimama foleni.
Sauti ikatoka dirishani: "Wa sindano ya—"
ikajikwaa, ikakohoa.
"Asaa Faki."

Nami, kama uwanja mzima,
niligeuka kumtazama huyo anayeitwa.