Mkweche wa Mihayo

Sharti lilikuwa moja, limeandikwa kwa chaki
ukutani mwa gereji ya Cheyo, Tabora:
gari lisizidi bei ya mbuzi watano,
na mwenye kufika Kigoma, hata kwa kusukumwa, amefika.

Mbuzi watano! Letu lisingefikisha mmoja.
Datsun ya marehemu kaka yangu Mihayo,
miaka tisa juu ya mawe, nyuma ya jiko,
zamani samawati, sasa kutu ndiyo imeshika shati.

Shemeji Kalunde ndiye aliyesema twende.
Nikasema breki. Akasema twende.
Nikasema taa. Akasema, mchana si kuna jua?

Tulitoka alfajiri, mikweche kumi na mmoja,
moshi tele, watoto wa Ng'ambo wakitukimbilia
na kutupita.
Pijo ya mwalimu Ruhuza, mlango umefungwa kwa katani,
Landrova ya Sikonge isiyo na bodi wala haya,
na sisi, honi ikilia yenyewe kila tukikata kulia,
hivyo tuliwasalimu tusiowajua mpaka Urambo.

Urambo, tumbaku inanuka mabanini.
Kaliua, mbung'o wakaingia kwa chini,
maana sakafu ilikuwa na tundu kama sahani
na barabara tuliiona ikipita kati ya miguu yetu
kama mtu asiyetaka kusalimia.

Baada ya Usinge rejeta ikatoboka.
Mvuke. Miombo kimya. Nyuki.
Nikafunua kiti cha nyuma kutafuta tambara,
na jicho moja likanitazama.

Tetea.
Ameatamia ndani ya sponji tangu sijui lini,
katoka nasi Tabora bila nauli,
mayai kumi na moja tumboni.

Mihayo aliwahi kusema, tena amelewa:
rejeta ikivuja, ute wa yai huziba.
Kalunde akanyamaza muda mrefu.
Akayainua moja moja juani, akayachungulia
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
Manne akanipa.
Saba akayarudisha.
"Haya yana watu," alisema.

Likawaka. Sijui ni ute, sijui ni marehemu.
Lilinuka chai ya asubuhi hadi Nguruka.
Daraja la Malagarasi tulivuka mwendo wa arusi,
maji yamejitandaza kwenye matete, hayana haraka,
na hapo ndipo Kalunde alipoanza kusema.
Kwamba Mihayo alilinunua hili gari aende Kigoma
akaone tu reli inapoishia.
Miaka kumi na saba alikaza mataruma upande wa Tabora,
hakupata hata siku moja kuuona mwisho wa kazi yake.

Sikujua.
Ndugu yangu wa tumbo moja, na sikujua.

Uvinza tulinunua chumvi, tukapata pancha mbili.
Tunaingia Mwanga saa nne usiku,
jua la Kalunde limezama zamani,
na injini ikazima palepale mteremko unapoanza.
Wenzetu walishakula migebuka, zawadi zimegawiwa,
dumu la mawese kabeba Ruhuza na katani yake.

Nikaweka gia huru.
Tukashuka gizani bila mlio, bila breki,
nikikanyaga pedali kama anayepiga cherehani,
barabara ikakata kulia
na honi ikaamsha nusu ya mji.
Lilisimama lenyewe mbele ya stesheni.

Kalunde akashuka. Akazifuata reli
mpaka pale vyuma viwili vinapogota.
Akavua kiatu kimoja, akaweka unyayo juu ya chuma.
Sikumfuata.

Kesho yake tuliliuza kwa kilo.
Hela haikufika mbuzi, hata mguu wa mbuzi.
Tukapanda treni kurudi,
kikapu mapajani mwa Kalunde, tetea amenuna,
na kabla ya Kazuramimba, katikati ya kelele za magurudumu,
akanishika mkono: sikiliza.
Yai moja lilikuwa linagongwa kutoka ndani.