Kilichomwagika Keko

Jana usiku umeme ulipokatika nilipiga hesabu:
magari manne kwa siku, lita nne kila tumbo,
miaka ishirini na tisa, Ijumaa nimezitoa.
Nilipovuka lita laki moja nikaacha.

Nililegeza nati ya sampo, nikakwepesha mkono,
oili ikashuka nyeusi, ya moto, bila kelele,
na ardhi haikukataa.
Tulisema inalaza vumbi.
Hata wateja walisifu: gereji ya Mshamu haina vumbi.

Sasa uwanja wangu umefukuliwa kimo cha mtu,
udongo umelazwa juu ya turubai nene,
mabomba yenye matundu yamepenya mbavuni mwake,
na feni, LUKU ikiwepo, inaupulizia pumzi.

Mhandisi ni binti wa Tukuyu, Tumpale,
buti za mpira, kalamu sikioni kama seremala.
Mbolea ya kuku kainunua Mbagala, magunia sitini.
Maranda kayapata bure, hapa hapa Keko,
kwa mafundi wanaochonga vitanda vya maharusi.
"Unapika nini?" nikamuuliza.
"Chakula. Wageni ni wengi, ila huwaoni."

Nikangoja alete chupa, dawa ya Ulaya, sindano.
Hakuleta.
Vijidudu vinavyokula oili, alisema, vilikuwamo,
chini ya visigino vyako, miaka yote,
vimekabwa roho.
"Uliviandalia ugali, fundi. Ugali, ugali, ugali,
bila mboga, bila hewa, mlango umefungwa."

Mimi nimelelewa kwamba maji yakimwagika hayazoleki.
Ya oili hakuna aliyenifundisha.

Usiku lundo linapata joto.
Nimetia kiganja: ni joto la injini
iliyozimwa nusu saa iliyopita.
Joto hilo nalijua. Nimeishi nalo.

Lakini ile kona ya ukutani wameizungushia utepe.
Pale ndipo Chande alipovunja betri
na kuyeyusha risasi kwenye sufuria iliyotoboka,
tindikali akaimwaga mtaroni.
Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tulimwita Kumi na Nne,
kwa kuwa spana hiyo haikutoka mkononi mwake.
Kisha mikono ikaanza kutetemeka,
akawa anasahau namba za spana,
tukasema uvivu, tukasema bangi.
Mama yake akaja kumchukua, wakarudi Kilwa.
Nilimpa nauli. Nilijiona mwema.

"Na hii kona?" nilimuuliza Tumpale.
"Risasi haina anayeila.
Huu tutauchanganya na saruji, tuufunge, tuuandike jina."
"Hautapona?"
"Hautapona. Hautadhuru mwingine, basi."
Nikatafuta tairi nikakaa.

Mwezi wa tano huu.
Kwenye kopo la udongo wa siku ya kwanza
tulipanda mbegu kumi za mchicha, haikuota hata moja.
Kwenye kopo la wiki hii zimeota saba,
vijikono vyekundu, vyembamba, vimeinamia dirisha.
"Usile," ameniambia. "Ni kipimo, si mboga."
Sili. Nazimwagilia kwa kikopo cha grisi
nilichokisugua mara tisa.

Asubuhi Kihiyo wa gereji ya pili alikuja na beseni
linachuruzika, anatafuta pa kumwaga kama zamani.
Nikamwonyesha pipa.
"Mshamu! Umeokoka?"
Nikamshikia upande mmoja wa beseni, tukamimina,
na tone moja likanidondokea kidoleni
nikalifuta kwa tambara, si kwa ardhi.

Ukutani, palipoandikwa bei ya kubadilisha oili,
nimepafuta, nimeandika kwa chaki
namba ya simu ya mama yake Chande.
Tarakimu kumi. Nazijua kwa kichwa sasa.
Sijapiga.
Feni inanguruma, na nikiinama karibu
udongo unaanza kunuka udongo.