Swali la Nne

Saa tano usiku, El Alto. Jiko nimelizima mapema
ili mtungi wa gesi ufike Ijumaa.
Nimejifunika blanketi la sufu ya lama mpaka masikioni,
mkono mmoja tu uko nje, wenye kalamu nyekundu,
na mezani karatasi arobaini na moja:
kemia, mwaka wa kwanza, jaribio la katikati ya muhula.

Swali la kwanza: chora isoma zote za pentani.
Ni tatu. Limber Apaza amechora saba,
nyingi ni ile ile moja, kaipinda huku, kaibinua kule,
kama mtu aliyekosa usingizi.
Nimemwandikia pembeni:
ukilala chali, ukilala kifudifudi,
wewe bado ni Limber.

La pili: eleza msawazo wa mmenyuko.
Teodosio Huarachi hakuweka hata mlinganyo mmoja.
Ameandika habari za magari ya kamba
yanayopita juu ya mapaa kwenda La Paz:
kibanda kinafika, kibanda kinaondoka,
ukihesabu vilivyoko kituoni jawabu ni lile lile
na hakuna hata kimoja kilichotulia.
Nimempa alama zote, nikamwongeza moja
ambayo haimo kwenye mwongozo.

La tatu: kwa nini kinoa ikioshwa hutoa povu?
Nilitaka molekuli yenye kichwa kipendacho maji
na mkia unaoyakimbia.
Mmoja kajibu: kwa sababu haijasuuzwa vizuri.
Nusu alama. Hakusema uongo.

Kisha la nne, la kupumzikia,
nililolinakili kitabuni bila kulitazama usoni:
maji safi huchemka kwenye nyuzi ngapi?
Mia, mia, mia,
watu thelathini na tisa, sauti moja.
Mmoja kaacha wazi.
Tiki, tiki, tiki, mkono unakwenda wenyewe,
na ulipofika kwa Primitiva Callisaya
ulikwenda wenyewe vilevile, ukaweka mkasi mwekundu
kabla macho hayajamaliza mstari:

"Themanini na saba, kwetu hapa.
Mama anauza viazi vya kuchemsha pale Ceja,
huwasha moto saa tisa usiku ili viive kabla ya wateja.
Shangazi yangu wa Arica, kando ya bahari,
huchukua nusu ya muda huo.
Hewa yetu ni nyepesi, haiyakalii maji kifuani,
yanaponyoka mapema, hayajapata moto wa kutosha.
Mia ni ya huko chini."

Nimeinuka na blanketi langu.
Nimewasha jiko, gesi ya Ijumaa,
nimetoa kipimajoto kwenye mkoba wa maabara,
nikasimama juu ya sufuria kama mwizi.
Themanini. Themanini na tatu.
Vitone vikaanza kupasuka kando kando, kisha kotekote,
na ule uzi mwekundu ukapanda, ukasita,
ukakaa kwenye themanini na sita na nusu.
Nimeongeza moto. Haukusogea.

Miaka kumi na moja nachora ubaoni mchirizi wa shinikizo la mvuke.
Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa.
Chai ya sufuria hii nimeinywa tangu sina meno
na sijawahi kuiuliza kitu.

Mkasi mwekundu haugeuki tiki, nimejaribu,
unakuwa buibui.
Nimeuzungushia duara, nikatia saini yangu chini yake,
na pembeni: kosa ni la msahihishaji.
Waliobaki thelathini na tisa sijui niwafanyeje.
Swali halikusema wapi. Nao hawakuuliza wapi.
Nani kati yetu alikuwa kwenye mtihani,
hilo nitalilalia.

Maji bado yanachemka bure.
Nimetia majani ya koka na sukari,
nikamvuta Limber tena karibu na taa, na isoma zake saba.
Moja, niliporudia kuitazama, ni sahihi kabisa,
nilikuwa nimeiruka.
Gesi haitafika Ijumaa.