Birika la Saa Kumi na Mbili

Plagi niliinunua Tampere kwa bei ya viazi vya wiki,
nyeupe, haizidi ngumi ya mtoto.
Nikaipachika nyuma ya birika, jikoni kwa baba, kule Võru,
naye Endel, fundi redio wa miaka arobaini na mmoja,
akasimama mikono nyuma, akiikagua
kama bwana harusi aliyechelewa.

"Inafanya nini?"
Saa kumi na mbili inawasha. Maji yakichemka inazima.
Halafu inaniandikia.
"Inakuandikia nini?"
Birika limechemka.
"Basi?"
Basi.
Hakucheka. Akaenda kumpa Miisu maziwa.

Niliporudi kwangu nikafungua jedwali:
safu ya tarehe, safu ya saa,
na safu niliyoiita Baba.
Kila asubuhi, tramu ikikata kona ya kiwanda cha zamani,
simu ilitetemeka mfukoni
nami nikapaka kisanduku rangi ya kijani.
Baadaye nikaifundisha simu ipake yenyewe.
Novemba kijani. Desemba kijani.
Hata Krismasi, nilipokosa meli,
kijani, kama shamba la mtu mwenye bidii,
nikalala usingizi wa aliyelipa deni.

Mwisho wa Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
akapiga Helve, jirani,
ambaye hapigi simu ovyo, maana huhesabu senti.
"Kwa baba yako moshi hautoki tangu jana."
Nikamwambia hapana, yuko salama,
leo amechemsha maji saa kumi na mbili kamili,
na jana, na juzi, ninayo hapa mbele yangu.
Akanyamaza. Kisha:
"Maarika, nani amechemsha?"

Alimkuta sakafuni, kati ya kitanda na jiko la kuni,
nyonga imevunjika, kajifunika zulia,
Miisu kifuani kama chupa ya maji moto.
Hospitalini alinong'ona, midomo imepasuka:
"Nililisikia. Alfajiri likanguruma,
nikajua huko unasoma kwamba mimi mzima.
Nikalitukana kwa Kirusi."

Nimeyatafuna maneno hayo tangu siku ile.
Kumbe niliajiri shahidi anayejishuhudia mwenyewe.
Kitu kikitenda badala ya mtu
hakiwezi kunipa habari za mtu huyo.
Nilitaka mawili kwa plagi moja,
nikapata birika lenye afya njema.

Aprili, mkongojo umeegemea meza,
baba akafungua plagi kwa bisibisi ya zamani,
akang'oa utii wake wote,
akaiunganisha na kitufe cha kahawia
kutoka redio iliyokufa kabla sijazaliwa.
"Ngazi iwake taa yenyewe, sawa.
Dawa zinipigie kengele, sawa.
Siku ya takataka nikumbushwe, maana nimeichoka.
Lakini chai niachie mimi."

Sasa ujumbe huja unapotaka.
Saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Saa moja na robo.
Mara moja hadi saa tatu ulikuwa haujaja,
nikatoka kikaoni bila koti, nikapiga,
akapokea kwa hasira: alikuwa dirishani,
gogota anatoboa nguzo ya umeme, ningoje.

Jedwali limekuwa baya. Saa hazilingani,
rangi nimeifuta, wastani hauna maana,
na kati ya kuamka kwangu na mtetemo wa simu
kuna shimo ambalo hakuna programu inayolijaza.
Nalipita kila siku, na tramu yangu, taratibu.

Ile safu nimeibadilisha jina.
Haiitwi tena Baba. Inaitwa Kidole.

Leo: saa moja na dakika kumi na nane.