Ngozi ya Kiatu

Mimi fundi viatu, Katuba, nyuma ya soko.
Muziki siujui. Ninajua ngozi.

Nawej Mwadi alikuja mara ya kwanza mwaka wa njaa,
msichana wa kwaya,
saksafoni ya marehemu mjomba wake ndani ya gunia la unga.
Vifuniko vimeliwa na mende.
Nikakata ulimi wa buti la mchimba mukuba,
nikabandika kwa gundi, nikasema: jaribu.
Ikalia kama mbuzi. Tulicheka hadi machozi.

Mwaka uliofuata nikasikia jina lake redioni.

Akarudi na springi iliyokatika harusini, Likasi.
Akarudi na shingo ya shaba imepinda:
mume ameitupa ukutani.
Mume sikumwona tena.
Akarudi kutoka Ubelgiji na koti refu;
huko mafundi wana mashine, alisema,
lakini noti ya chini inanuka dawa ya hospitali.
Nikairudishia ngozi ya mbuzi.
Ningependa kusema sikumlipisha.
Nililipisha. Watoto wanataka bukari.

Jana amekuja mikono mitupu.
Meno mawili ya mbele hayapo,
mdomo haushiki tena.
Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akavua viatu,
akaimba chinichini,
pumzi ikivuja kwenye mapengo,
wala hakuiona haya.

Nilivigeuza vile viatu.
Soli ya kulia nzima, karibu mpya.
Ya kushoto imelika hadi msumari:
miaka thelathini na mitatu
akihesabia wenzake kwa mguu mmoja.